Taa nane zimeungua, transista mbili zimekufa: naanzia wapi?

BARUA

Fundi, salamu.

Mimi ni mfugaji mdogo wa kuku hapa Morogoro. Jioni nikishafunga banda najifunza elektroniki mwenyewe, kwa kuangalia video na kubomoa redio mbovu. Ninachotaka kutengeneza ni kitu kidogo: taa ya bandani inayojiwasha giza likiingia na kujizima kukipambazuka. Nina betri ya volti 12 yenye 7Ah (ampea-saa 7), iliyotoka kwenye UPS, kile kifaa cha kushikilia kompyuta umeme ukikatika, na paneli ya jua ya wati 10 ambayo nimeiunga moja kwa moja kwenye betri.

Nilipiga hesabu kwamba LED nyeupe moja inakula volti 3 na ushee, kwa hiyo nne zikiungwa mfululizo zinamaliza volti 12 na hakuna haja ya kuongeza kitu. Ziliwaka vizuri usiku kucha, nikaziacha. Kesho yake saa saba mchana nikakuta zote zimezima na haziwaki tena. Nikanunua nyingine nne, yakawa yale yale.

Nikahamia kwenye transista, ile swichi ndogo ya miguu mitatu. Video inasema aina ya BC547, duka halikuwa nazo, nikapewa C945 nikaambiwa ni sawa tu. Nikaunga mguu wa kati, yaani besi, kwenye chanya ili nione kama itawasha LED. Ikapata moto, ikanuka, kwisha. Ya pili hivyo hivyo. Halafu nikataka kupima ampea za betri kwa mita yangu ya njano, ikapiga cheche, na tangu siku hiyo volti inasoma ila ampea haisomi. Kulehemu nako kumenishinda: risasi inafanya kigololi na kudondoka, ingawa nimepaka ile dawa wanayotumia mafundi wa rejeta.

Nimekosea wapi? Ninunue vitu gani? Vijana wananishauri nianze na Arduino, ile bodi ndogo inayopangiwa kazi kwa kompyuta, ni kweli? Na nina TV ya chogo iliyokufa, je, niifungue nipate vipuri vya bure?

Mfugaji, Morogoro

JIBU

Pole kwa hasara, ndugu yangu. Ajali zako ukizihesabu ni nyingi, lakini kosa ni moja. LED bila rizista (kipande cha kubana mkondo), besi kwenye chanya, mita iliyopachikwa juu ya betri: mara zote umeupa umeme njia isiyo na kitu cha kuubana. Betri ya 7Ah ya aina hiyo ikipigwa shoti inaweza kutoa zaidi ya ampea 100 kwa sekunde chache, mkondo wa kuyeyusha waya mwembamba mkononi. LED ndogo ya milimita 5 haitaki kuzidi ampea 0.02. Kwa hiyo kabla hujagusisha chochote, pitisha kidole kwenye mchoro kutoka chanya mpaka hasi na ujiulize: humu njiani nani anaushika mkondo? Ukifika hasi hujampata, usiunge.

Tuanze na LED, maana hesabu yako haikuwa ya kijinga. Ilikosa jambo moja tu, kwamba betri ya volti 12 haikai kwenye 12. Ikiwa imejaa na imetulia inasoma kama 12.7. Ikiwa inachajiwa inapanda mpaka 14.4. Usiku kila LED yako ilipata 12.7 gawanya kwa 4, yaani karibu volti 3.2, ikastahimili. Jua lilipopanda kila moja ikasukumiwa 3.6. Hapo unaweza kusema nyongeza ni volti 0.4 tu, lakini LED haiendi kama balbu ya zamani. Ikishafika volti zake za kuwakia, nyongeza ndogo inarusha mkondo mara kadhaa. LED inapata joto, na ikipata joto inashusha zile volti zake, kwa hiyo mkondo unazidi tena. Ndiyo maana zilikufa mchana. Na usizitupe bado: mfululizo ukikatika sehemu moja wote unazima, kwa hiyo huenda moja au mbili tu ndizo zilizokufa. Jaribu kila moja peke yake kwa betri nne za tochi (volti 6) na rizista ya omu 330.

Sasa hesabu inayofaa. Weka LED tatu kwa kila mfululizo badala ya nne, ili ibaki nafasi ya rizista kufanya kazi. LED tatu nyeupe kwa 3.2 ni volti 9.6. Piga hesabu kwa volti za juu kabisa za betri, siyo zile zilizoandikwa kwenye lebo: 14.4 toa 9.6 ni 4.8. Ukitaka mkondo wa miliampea 15, gawanya 4.8 kwa 0.015, unapata omu 320. Thamani ya dukani iliyo karibu ni 330. Usiku, betri ikiwa 12.5, zinabaki volti 2.9 kwenye rizista, mkondo unakuwa kama miliampea 9. Mwanga unapungua kidogo na kuku hawatalalamika. Misururu mitatu ya namna hiyo, kila mmoja na rizista yake, inakupa LED tisa. Usijaribu kubana matumizi kwa kuweka rizista moja ya pamoja kwa misururu yote. LED hazifanani hata zikitoka pakiti moja, na msururu unaowahi kuwaka utabeba mzigo wa wenzake mpaka ufe.

Kuhusu paneli: paneli inayoitwa ya volti 12, ikiwa juani bila mzigo, inatoa karibu volti 21. Ukiiunga moja kwa moja, betri ndogo iliyojaa inaendelea kusukumwa kupita 15, inachemka na kukauka. Na siku waya wa betri utakapolegea, saketi yako itabaki inakula 21 peke yake. Nunua kidhibiti chaji kidogo cha volti 12 kabla ya kununua LED nyingine. Kuna pesa hapo, najua, ila betri ni ghali zaidi.

Transista. Besi ndiyo mguu wa kuamuru; kolekta na emita ndiyo njia ya mkondo wenyewe. Mguu wa besi kuelekea emita ni kama dayodi, yaani mlango wa umeme wa upande mmoja: ukishafika volti 0.7 unafunguka, na haubani kitu. Chanya ya volti 12 moja kwa moja hapo ni shoti ndogo ndani ya kipande cha ukubwa wa punje ya mchele. Besi siku zote hupitia rizista. Lakini umekutana pia na mtego wa pili ambao hukuuona. BC547 ukiitazama upande bapa, miguu ikiangalia chini, kutoka kushoto ni kolekta, besi, emita. C945 kwa kawaida ni emita, kolekta, besi. Yaani mguu wa kati ulioupeleka kwenye chanya haukuwa besi kabisa. Besi ilikuwa pembeni, mahali ambapo video yako iliweka emita. 2N3904 nayo ni emita, besi, kolekta. Muuzaji hakudanganya aliposema ni sawa, maana zinafanya kazi ileile, ila miguu haifuatani.

Dawa yake ni kupima kabla ya kuunga. Weka mita kwenye alama ya dayodi, waya mwekundu kwenye mguu mmoja, mweusi ugusishe miguu mingine miwili kwa zamu. Mguu ambao ukiwekewa mwekundu unasoma kati ya 0.6 na 0.7 kwa wote wawili, huo ndio besi, na transista ni ya NPN, aina inayofunguka besi ikivutwa upande wa chanya, kama hizi zako. Kati ya miwili iliyobaki, ule unaosoma juu kidogo, hata kwa 0.005, ndio emita. Ikisoma sifuri popote, imeshakufa.

Na mita yenyewe haijafa. Ukiweka mita kwenye ampea, ndani yake inakuwa kama kipande cha waya, hivyo kuipachika chanya na hasi ya betri ni kuipiga shoti betri. Fungua kifuniko cha nyuma, utakuta fyuzi ndogo ya kioo. Soma namba iliyochorwa kwenye kifuniko chake cha chuma, mara nyingi ni miliampea 200 au 250, na urudishe ya namba ileile. Usiweke karatasi ya sigara wala uzi wa waya. Mita nyingi za njano za bei ya chini hazina fyuzi kabisa kwenye tundu la 10A, kwa hiyo kule utakachounguza ni mita nzima. Kwa kazi zako hizi, wala huhitaji kugusa upande wa ampea. Pima volti kwenye ncha mbili za rizista unayoijua, kisha gawanya. Rizista ya 330 ikisoma volti 2.9, mkondo ni 2.9 gawanya kwa 330, yaani miliampea 8.8. Hakuna waya wa kukata wala fyuzi ya kuogopea.

Vya kununua. Kama kuna mtu anakwenda Dar, Kariakoo utavipata vyote siku moja; msomaji wa Nairobi aende Luthuli Avenue. Chukua rizista za robo wati kumi kumi za omu 330, 1k (k ni elfu, yaani omu 1,000), 4.7k, 10k na 100k, BC547 kumi (ni za bei ndogo, na utaunguza), LED nyeupe 20 na nyekundu chache, LDR mbili, ile rizista yenye mchirizi kama nyoka usoni ambayo ukinzani wake unashuka ikipata mwanga, volyumu moja ya 10k (rizista ya kuzungusha), kapasita (vipande vya kuhifadhi chaji) za 100 na 1000 mikrofaradi, zote za volti 25, fyuzi za miliampea 500 na nyumba yake, bredibodi moja (bodi ya matundu ya kuunga vipande bila kulehemu), na kishikio cha betri nne za tochi. Rizista zihakikishe kwa mita kabla ya kuzitumia, hasa zile za bluu zenye mistari mitano. Kwenye mwanga wa taa kahawia na nyekundu hazitofautiani, na mwanzo wa mstari wenyewe haujulikani ni upi.

Mazoezi yote fanyia kwenye betri za tochi, volti 6. Ile betri ya UPS iache pembeni mpaka uweke fyuzi kwenye waya wake wa chanya, karibu kabisa na betri, siyo mwisho wa waya. LED nyekundu inakula volti 2, hivyo kwa 330 utapata miliampea 12. Badilisha rizista iwe 1k, kisha 10k, na kila mara andika volti za kwenye rizista na za kwenye LED. Utaona za LED hazibadiliki sana wakati za mkondo zinaporomoka. Ukishaliona hilo kwa macho yako hutasahau kwa nini zile nane ziliungua. Kisha transista: emita hasi, LED na 330 yake juu ya kolekta, besi kupitia 4.7k. Gusisha 4.7k kwenye chanya iwake, toa izime. Ukipenda kuchezea muda, weka kapasita ya 1000 kati ya hasi na ule mwisho wa 4.7k unaogusisha kwenye chanya. Ukiachia, LED itafifia taratibu kwa sekunde kadhaa. Kwenye kapasita, mstari mweupe wenye alama ya kutoa ni hasi. Ukigeuza, kapasita inavimba na hata kupasuka.

Angalizo la bredibodi: matundu matano ya safu moja yameungana, lakini mistari mirefu ya pembeni katika zile ndefu mara nyingi imekatika katikati. Watu wanahangaika saa nzima kutafuta kosa kwenye saketi, kumbe nusu ya bodi haina umeme.

Sasa taa ya bandani, ya transista mbili. Nyingi mtandaoni zinatumia moja, na hapo ndipo taa inapowaka nusu nusu. Rizista kubwa inayofaa kwa LDR haitoi mkondo wa kutosha kwenye besi kufungua LED tisa, na rizista ndogo inayotosha inawasha taa saa kumi jioni. Mbili zinagawana kazi: ya kwanza inatazama mwanga, ya pili inabeba mzigo.

Kutoka chanya, weka 10k, ifuatwe na LDR, ifike kwenye besi ya transista ya kwanza. Kutoka besi hiyo hiyo, volyumu (mguu wa kati na mmoja wa pembeni) iende hasi. Emita yake hasi. Kolekta yake ipande chanya kupitia 4.7k, na kutoka kolekta hiyo hiyo waya uende besi ya transista ya pili. Emita ya pili hasi. Kolekta ya pili inapokea upande wa hasi wa misururu yote mitatu, na upande wa chanya wa kila msururu unapitia 330 yake. Mchana LDR inapitisha mkondo, transista ya kwanza inafunguka na kuivuta besi ya pili chini, taa zimezima. Giza likiingia ya kwanza inafunga, zile 4.7k zinalisha besi ya pili miliampea kama 2.4, ambazo zinatosha na kubaki.

Usiiache ile 10k iliyotangulia LDR kwa sababu eti mchoro fulani hauna. LDR ikiwa juani inashuka mpaka omu mia chache tu, na bila 10k utairudia ajali ya besi kwenye chanya, safari hii polepole. Volyumu ikiwa 10k kamili, taa itasubiri giza nene, mpaka LDR ipite takriban 140k. Ukiipunguza inawahi kuwaka. Irekebishe saa moja kasorobo jioni, siyo mchana kwa kufunika kwa kiganja, kwa sababu kiganja hakizuii mwanga wote.

Ikigoma, usibadilishe vipande ovyo. Weka mweusi wa mita hasi na upime kolekta ya kwanza: kwenye mwanga iwe chini ya 0.2, gizani iwe karibu 0.7. Ikikaa kwenye 12, besi ya pili haijaungwa au imekatika. Kisha kolekta ya pili: gizani chini ya 0.2. Kwenye mwanga itasoma volti kadhaa tu, siyo 12 kamili, kwa sababu mita inasoma kupitia LED zilizozima. Huo si ugonjwa. Kwa usiku mmoja wenye urefu wa saa 12, saketi yote itakula kama 0.35Ah, hivyo hata mvua ikikaa siku nyingi betri nzuri ya 7Ah itafika siku tisa au kumi kabla ya kushuka nusu. Ya UPS ya zamani, gawanya matumaini hayo kwa mbili.

Kulehemu: tupa hiyo dawa ya rejeta. Ina tindikali, inaendelea kula shaba hata baada ya kazi kuisha. Nunua risasi nyembamba ya elektroniki, milimita 0.8, aina ya 60/40, ambayo ina utomvu wake katikati. Chuma cha wati 40 kinatosha. Kigololi kinatokea kwa sababu unayeyusha risasi kwenye ncha ya chuma kisha unaipaka kama siagi. Utomvu unaungua njiani na mguu wa kipande bado ni baridi. Fanya kinyume. Kwangua mguu kama umechakaa, gusisha chuma kwenye mguu na shaba ya bodi kwa pamoja, hesabu mbili, kisha lisha risasi upande wa pili wa mguu, siyo kwenye chuma. Ikishatambaa, toa risasi, halafu chuma, na usitikise mpaka igande. Lehemu nzuri inang'aa na ina mteremko kama mlima mdogo; iliyofifia na ya mviringo ni ya baridi, itakusumbua miezi miwili baadaye. Ncha ifute kwenye sponji yenye unyevu na uipake risasi mpya kabla ya kuzima, la sivyo inaota weusi na haishiki tena.

Arduino iache kwa sasa. Mguu wake mmoja unataka isiyozidi miliampea 20 kwa usalama, na kwa mazoea yako ya leo ungeunguza bodi ya bei badala ya BC547.

TV ya chogo usiifungue. Kapasita yake kubwa ya upande wa umeme wa ukutani hubeba zaidi ya volti 300, na kioo chenyewe kinatumia zaidi ya volti 20,000, na kinaweza kushika chaji hata baada ya kuchomolewa. Balbu za kubana matumizi zilizokufa nazo ziache. Vipuri chukua kwenye redio za betri, midoli na spika ndogo.

Ukifunga bandani, LDR iwekwe mahali isipoona taa zako. Ikiziona, giza likiingia zitawaka, LDR itadhani ni asubuhi, zitazima, zitawaka, na utakuta zinapepesa mfululizo. Ipeleke nje chini ya paa, itazame anga, kwa waya wa mita moja au mbili. Saketi yenyewe nayo isikae ndani na kuku, maana amonia ya mavi yao inakula shaba. Ifunge kwenye boksi la plastiki ukutani nje, waya zitokee chini ili maji ya mvua yasifuate waya kuingia ndani.